Piga Goti Kwanza: Kupima Udhaifu wa Ikolojia kwenye Uwanda wa Kitulo

Kila msimu hupanda vijana wa vyuoni kuja Kitulo, kusini mwa Tanzania, kompyuta mgongoni, na kichwa cha utafiti kirefu kuliko barabara ya Hamsini na Saba, iliyopewa jina kwa idadi ya kona zake, inayotutoa Chimala hadi Matamba. Nami huwauliza swali moja kabla hatujauanza uwanda: kidhaifu ni nini, na kinadhurika na nini? Wengi hujibu, "Uwanda mzima, mama, na mabadiliko ya tabianchi." Jibu la namna hiyo halipimiki. Huwezi kulishikia rula.

Mimi ni mtu wa Uwanji, nimekulia chini ya Kitulo, na kazi yangu ni kuwaongoza wanaokuja kuhesabu mimea, kubeba fremu, na kuwaambia waziwazi pale hesabu yao inapoacha kufanana na ardhi. Haya ninayoandika ni namna ninavyoifanya kazi hiyo. Ukiwa na uwanda wako mwingine wa juu, badilisha majina ya mimea na vijiji, utaratibu utakufaa.

Jambo moja litajirudia humu: kwenye uwanda wa namna hii uhai mwingi uko chini ya udongo. Okidi, mayungiyungi na maua mengine mengi ya Kitulo hukaa nusu ya mwaka yakiwa viazi na vitunguu ardhini, yakisubiri mvua ya Novemba. Udongo mweusi wa mabondeni nao ni mimea iliyokufa zamani ikakosa kuoza. Anayepima majani tu anapima koti la mgonjwa. Kwa hiyo piga goti kwanza.

Ugawe uwanda kabla ya kuupima

Kitulo ina wastani wa mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, katikati ya milima ya Kipengere, Uporoto na safu ya Livingstone. Hifadhi ya Taifa ilitangazwa rasmi mwaka 2005, takribani kilomita za mraba 413, ya kwanza katika Afrika ya kitropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea. Zimeorodheshwa spishi za mimea zipatazo 350, na 45 kati ya hizo ni okidi za ardhini. Takwimu hizi utazikuta kila mahali, na hazikusaidii kupima chochote mpaka uugawe uwanda vipande vinavyoishi maisha tofauti.

Mimi hugawa hivi. Kwanza nyasi fupi za miinuko ambazo jembe halijawahi kuzigusa. Pili mabonde ya tope jeusi, yale yanayotitia ukikanyaga. Tatu miteremko ya viazi mviringo na pareto nje ya mpaka wa hifadhi. Nne mashamba ya paini na mikaratusi. Tano vipande vya msitu: ule wa Livingstone, anakoishi kipunji, kima aliyetangazwa kwa wanasayansi mwaka 2005, na mierezi ya bonde la Ndumbi. Msitu ni somo la peke yake, na sitaugusa zaidi ya hapa.

Kwa kila kipande andika sentensi moja tu kwenye daftari: hiki kinadhurika na kile kwa njia hii. Kwa mfano: "Okidi za miinuko zinadhurika na uchimbaji wa viazi vyake, kwa sababu kinachochimbwa ndicho kingechipua mwakani." Au: "Bonde la tope jeusi linadhurika na mifereji, kwa sababu tope likikauka linaoza, linashuka na kushika moto." Ukishindwa kuandika sentensi ya namna hiyo kwa kipande fulani, hujakielewa bado. Rudi ukakitazame.

Kisha kila sentensi ivunje mara tatu: kipigo, wepesi wa kuumia, na uwezo wa kupona. Kipigo ni kile kinachokuja kutoka nje: joto, moto, jembe, kwato. Wepesi wa kuumia ni tabia ya kipande chenyewe: mteremko, kina cha udongo, mimea yake. Uwezo wa kupona ni jinsi kinavyorudi baada ya kupigwa, na hapo wanaingia pia watu, sheria zao na kamati zao. Wanafunzi huchanganya mawili ya kwanza. Mvua kubwa ni kipigo. Mteremko wa asilimia 30 ni wepesi wa kuumia. Na mmomonyoko wenyewe ni matokeo, haupaswi kuhesabiwa mara ya pili kama kiashiria kingine.

Kuhusu viashiria, usinakili orodha ya uwanda mwingine. Tafiti nyingi za nyanda za juu zimeandikwa kwa ajili ya Tibet, uwanda wenye wastani wa zaidi ya mita 4,000, ambako ardhi iliyoganda mwaka mzima ni kiashiria halali. Kitulo hatuna ardhi ya namna hiyo. Tuna sakitu ya usiku, Juni hadi Agosti, ambayo asubuhi imekwisha yeyuka. Sakitu hiyo ni rafiki pia, kwa sababu inazuia mimea ya mabondeni isipande juu. Siku zake zikipungua utafurahi kwa viazi vyako, lakini uwanda utakuwa umepoteza mlinzi.

Na joto lenyewe lina hesabu nyepesi ambayo kila anayepima uwanda aifanye siku ya kwanza. Ukipanda mita 100, joto hupungua takribani nyuzi 0.6. Kwa hiyo joto likiongezeka nyuzi moja, mmea unaotaka kubaki kwenye hali yake ya hewa ya zamani unatakiwa kupanda mita 170 hivi. Uwanda uko mita 2,600. Kilele cha Mtorwi, kirefu kuliko vyote hapa, ni mita 2,961. Nyuzi mbili zinamaliza karibu nafasi yote. Na kilele si uwanda: kadiri unavyopanda ndivyo eneo linavyobana. Mteremko mrefu wa mlima una ngazi nyingi za kukimbilia, uwanda hauna, na hiyo ndiyo sababu uwanda wenye kijani tele na maua mengi unaweza kuwa dhaifu kuliko mteremko uliokauka chini yake.

Vibali, msimu na vifaa

Ndani ya hifadhi unahitaji kibali cha utafiti kutoka COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia), kupitia TAWIRI (Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori), na ruhusa ya TANAPA (Shirika la Hifadhi za Taifa). Vijijini unahitaji barua kwa mtendaji wa kijiji, na ufike mwenyewe, usitume picha ya barua kwa simu. Anza mapema, karatasi huchukua muda mrefu kuliko utafiti wenyewe.

Panga kupanda mara mbili. Mara ya kwanza kati ya Desemba na Februari, maua yakiwa wazi, maana okidi isiyo na ua hata mtaalamu hubahatisha jina lake. Mara ya pili Septemba au Oktoba, kiangazi kikiwa kimekomaa, kupima maji na makovu ya moto. Anayekuja mara moja, mwezi wa nane, kwa sababu ndiyo likizo ya chuo, ataandika kwamba Kitulo ni nyasi tupu.

Vifaa si vya gharama. Fremu ya mita moja kwa moja, ya mabomba ya plastiki yanayofunguka. Kamba ya mita 50 iliyotiwa alama. Nondo nyembamba ya milimita 10, urefu wa mita mbili na nusu. Kipande cha bomba la plastiki la upana wa sentimita 15 hivi, kilichonolewa ukingo mmoja. Ndoo ya lita 20, saa, GPS au simu, daftari la penseli, kwa sababu wino hukimbia ukungu ukishuka. Koti zito. Na buti, ninaowaona wanakuja na raba hujuta kabla ya saa nne asubuhi.

Nyasi za miinuko: kuhesabu bila kuchimba

Nyoosha kamba ya mita 50 ukikatiza mteremko, halafu weka fremu kila baada ya mita 10. Mahali pa kuanzia pachaguliwe na namba za kubahatisha nyumbani, si na macho yako ukifika, kwa kuwa macho hupenda maua na fremu zako zote zitaangukia penye maua.

Ndani ya fremu andika asilimia ya nyasi, ya mimea ya maua, ya udongo mtupu, na ya mawe. Kisha hesabu mashina ya okidi, Disa na Satyrium na Habenaria kila moja peke yake. Usichimbe hata moja kuhakikisha. Piga picha ya ua, ya jani na ya shina, na sampuli, kama kibali chako kinaruhusu, iende kwenye hifadhi ya mimea iliyokaushwa ya taifa, Arusha.

Baada ya hapo tafuta mashimo. Hapa ndipo mgeni anapotea, kwa kuwa Kitulo wachimbaji ni wengi na si wote ni watu. Fuko huacha kichuguu cha udongo laini kilichosukumwa kutoka chini, bila shimo linaloonekana. Nguruwe pori hufukua kama trekta lililolewa, sehemu pana, nyasi zimepinduliwa mizizi juu. Mtu mwenye kijembe huacha shimo dogo, ukingo mmoja umenyooka, udongo umewekwa upande mmoja, na mara nyingi shina la okidi limetupwa papo hapo likiwa na majani yake. Hesabu ya mashimo ya aina hiyo ya tatu, ya mtu, ndiyo kipigo chako. Gawa kwa idadi ya mashina yaliyobaki na utapata uwiano unaosema zaidi kuliko picha yoyote ya setilaiti.

Kwa nini viazi hivyo? Kaskazini mwa Zambia vinapondwa, vinachanganywa na unga wa karanga na pilipili na magadi, vinapikwa vikashikana kama nyama ya kusaga. Chakula hicho kinaitwa chikanda. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulikadiria kwamba viazi vya okidi vilivyokuwa vikitoka Nyanda za Juu Kusini kwa mwaka vilihesabika kwa mamilioni. Okidi ya ardhini huwa na viazi viwili: cha mwaka jana, kimelegea, na cha mwaka huu, kigumu, kilichobeba chipukizi la mwakani. Mchimbaji anataka kile kigumu. Hivyo havuni tunda, anang'oa mmea wa mwaka ujao.

Uwezo wa kupona uupime kwenye mashamba yaliyoachwa. Tafuta vipande vilivyolimwa viazi au pareto zamani kisha vikaachwa, pamoja na kipande jirani kisichowahi kulimwa chenye mteremko na udongo unaofanana. Weka fremu kwenye vyote. Miaka ya kuachwa usiulize kwa tarakimu. Uliza kwa matukio: lililimwa mwisho kabla ya mvua za El Nino au baada yake? Mwalimu alikuwa amefariki? Wazee wa hapa watakupa mwaka bila kukosea sana, kwani El Nino ni 1997 na 1998, na Mwalimu alituacha 1999. Utakachoona ni kwamba nyasi hurudi mapema na shamba huonekana limepona kwa mbali. Piga goti. Mimea ya viazi na vitunguu haipo, au ipo mmoja mmoja pembeni. Mbegu ya okidi ni vumbi, haina akiba ya chakula, haioti bila kuvu wake udongoni. Hili ndilo linalonifanya niweke jembe juu ya moto kwenye orodha ya vipigo, ingawa moto ndio unaotisha zaidi machoni.

Na moto wenyewe usiuhesabu kwa "umewaka" au "haukuwaka". Uhesabu kwa mwezi. Moto wa Juni, nyasi zikiwa bado na unyevu, hupita haraka na huacha viazi vikiwa vimelala salama chini. Moto wa Oktoba mwishoni au Novemba hukuta machipukizi yameshatoa vichwa. Kipande kilichowaka mara tatu mwezi wa sita kinaweza kuwa na afya kuliko kilichowaka mara moja mwezi wa kumi na moja. Askari wa hifadhi wanalijua hili vizuri, waulize.

Hesabu pia miche ya paini iliyojiotea yenyewe ndani ya nyasi, na umbali wake kutoka shamba la paini lililo karibu. Miche miwili ya urefu wa goti si habari leo. Baada ya miaka kumi ni kivuli, na hakuna ua la Kitulo linalopenda kivuli.

Mabonde ya tope jeusi

Nikilazimishwa kuchagua sehemu moja tu ya kupima kwa umakini, nitachagua hapa. Mabonde haya ndiyo matangi ya uwanda. Mvua ya Novemba hadi Mei huingia, inatolewa pole pole kiangazi kizima. Maji ya upande mmoja huteremka kwenda Usangu na kuingia Ruaha Mkuu, mto unaolisha mabwawa ya Mtera na Kidatu. Ya upande mwingine hushukia Ziwa Nyasa.

Chomeka nondo wima na uisukume kwa uzito wako. Itateremka bila kelele ndani ya tope, halafu itagoma kwenye mfinyanzi au kukwaruza kwenye changarawe. Pima kina. Rudia kila mita 10 kukatiza bonde na utakuwa na sura ya tangi lako. Kisha tazama mifereji: vinyungu, yaani bustani za mabondeni, vimeanza? Vinyungu vya kiangazi vimelisha nyumba nyingi za Njombe na Iringa, nami nimekula mboga zake, sivitukani. Ila mfereji wa kina cha mita moja kwenye tope la mita mbili hunyonya maji ya pande zote mbili, si ya shamba la mwenye mfereji tu. Pima kina cha mfereji, gawa kwa kina cha tope. Uwiano huo ndio kiashiria bora cha bonde ninachokifahamu, na haugharimu kitu.

Ng'ombe nao wana alama yao. Kwato zikikanyaga tope lenye maji huacha vinundu na mashimo, na udongo hujibana. Tumia kile kipande cha bomba: kipigilie sentimita tano ardhini, mimina lita moja ya maji, subiri yaishe, kisha mimina lita nyingine na uhesabu muda wa hiyo ya pili. Ya kwanza inalowesha tu. Fanya hivyo penye njia ya ng'ombe na mita 20 kando. Tofauti ya muda ndiyo kipimo. Muda wenyewe peke yake hauna maana, hubadilika na udongo.

Mwisho, chemchemi. Septemba au Oktoba weka ndoo ya lita 20 chini ya mdomo wa maji na uhesabu sekunde hadi ijae. Mara tatu, chukua ya katikati.

Hapa nina onyo kwa wanaopenda kuandika sentensi kubwa. Tangu mwaka 1993 Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na kila ripoti ya Kitulo hutaka kujipachika hapo. Sehemu kubwa ya maji hayo huchukuliwa Usangu, kwenye skimu za umwagiliaji wa mpunga na mabwawa ya nyasi yaliyovurugika. Ukipima chemchemi ya Kitulo, sema habari ya chemchemi ya Kitulo.

Setilaiti, kwa tahadhari

Sasa fungua kompyuta. Picha za Sentinel-2 ni za bure, kila kisanduku ni mita 10, zinapatikana tangu 2015. Landsat ni mita 30 lakini zinarudi nyuma miongo kadhaa, kwa hiyo zinafaa kuona lini shamba lilifunguliwa. Chagua picha za Juni hadi Septemba. Wakati wa maua Kitulo imefunikwa na mawingu, utapoteza wiki nzima ukisafisha ukungu. Mwinuko na mteremko chukua kwenye data ya SRTM, ya mita 30. Mvua chukua CHIRPS, inayoanzia 1981. Yote hayo programu ya ramani ya QGIS inayafungua bila malipo.

Kiashiria ambacho kila mtu hukimbilia ni NDVI: mwanga wa infraredi ya karibu kutoa mwanga mwekundu, gawa kwa jumla yake. Namba ikikaribia moja, pana majani mabichi mengi. Kwenye Kitulo namba hiyo inadanganya kwa utaratibu maalumu. Shamba la paini la miaka minane hung'aa kuliko nyasi asilia. Viazi vilivyowekwa mbolea hung'aa. Kangaga lililovamia baada ya moto mbaya hung'aa. Nyasi fupi zenye okidi arobaini chini yake, mwezi wa nane, zinasoma kama jangwa. Ukiiacha kompyuta itafsiri kijani kuwa uzima, ramani yako itasema uwanda uponywe kwa kupandwa paini.

Kwa hiyo NDVI itumie ndani ya kipande kimoja, si kulinganisha vipande. Nyasi kwa nyasi, mwaka kwa mwaka, mwezi uleule. Na itumie kutafuta mipaka na tarehe za makovu ya moto, kazi inayoifanya vizuri kuliko mimi.

Kwa mmomonyoko, wengi hutumia mlinganyo wa RUSLE, unaozidisha nguvu ya mvua, aina ya udongo, urefu na ukali wa mteremko, kifuniko cha mimea na hatua za kuzuia. Ulizaliwa kwenye mashamba ya Marekani. Utumie kupanga miteremko kutoka hatari hadi nafuu, lakini tani zake usizichapishe kama umezipima. Kisha nenda kwenye mteremko wenyewe uangalie kitu kimoja ambacho setilaiti haikioni vizuri: matuta ya viazi yanashuka na mteremko au yanaukatiza? Yanayoshuka ni mifereji tayari. Wakulima wanaipenda njia hiyo kwa sababu shamba halituami maji na mgongo unaumia kidogo kulima, sababu mbili za haki kabisa, na ripoti isiyozitaja haitasomwa na mkulima yeyote.

Watu

Usiulize, "Je, mazingira yameharibika?" Mtu akiona daftari atakujibu ndiyo, kwa adabu, na atangoja kusikia mradi unatoa nini. Uliza mambo ya mikono na miguu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Mama, mwezi wa kumi maji ya kupikia mnachota wapi?"

Ataonyesha kwa kidevu. Uliza alipokuwa akichota alipoolewa. Ukipima umbali kati ya sehemu hizo mbili umepata data ambayo hakuna kituo cha hali ya hewa kinayo. Wachungaji waulize sakitu ya mwisho ilianguka mwezi gani, na ng'ombe hulala wapi kiangazi. Madalali wa viazi waulize magari yanafika lini shambani. Barabara mpya ni kipigo kinachokuja kabla ya jembe. Wakianza kukulalamikia rumbesa, sikiliza tu, ni haki yao, na ukiwa na subira watakwambia pia nani amefungua shamba jipya karibu na mpaka.

Kuhusu chikanda, usimuulize mtu kama anachimba. Okidi zote ziko kwenye mkataba wa kimataifa wa kudhibiti biashara ya spishi zilizo hatarini, na kuchimba ndani ya hifadhi ni kosa. Wanaochimba mara nyingi ni watu wasio na shamba. Daftari lako lisiwe na jina la mtu wala nyumba, tumia alama unazozijua wewe.

Kutoa alama

Kila kiashiria kigeuze kiwe kati ya sifuri na moja: namba ya kipande kutoa ndogo kuliko zote, gawa kwa tofauti ya kubwa na ndogo. Viashiria vya heri, kama idadi ya okidi, vigeuze kwa kutoa kutoka moja. Kisha unahitaji uzito wa kila kiashiria. Vitabuni utaambiwa ulinganishe viwiliviwili na ukague kwamba uwiano wa mkanganyiko, yaani kiasi majibu yanavyojipinga, haujazidi 0.1. Ni njia nzuri kwa wataalamu watano mezani. Kijijini mimi natumia maharage. Kila mtu apewe punje 20 agawe kwenye vikombe vilivyoandikwa kipigo gani, kwanza wanawake peke yao, kisha wachungaji, kisha askari wa hifadhi. Usiwachanganye, na usitafute wastani haraka. Wanawake hujaza kikombe cha maji; askari hujaza cha moto. Tofauti hiyo iandike kwenye ripoti kama ilivyo.

Sasa angalia mtego. Tuseme, kwa kufundishia tu, bonde lina kipigo 0.2, wepesi wa kuumia 0.9, na ukosefu wa uwezo wa kupona 0.9. Mteremko wa viazi una 0.9, 0.6 na 0.5. Wastani wa vyote viwili ni 0.67, kana kwamba ni mapacha. Sivyo. Mteremko unaumia sasa na unaweza kusaidiwa kwa makinga maji msimu huu. Bonde halijaguswa, ila siku mfereji wa kwanza utakapochimbwa hakuna cha kurudisha. Kwa hiyo usichapishe wastani peke yake. Chapisha namba zote tatu, na kipande chochote chenye 0.8 au zaidi kwenye ukosefu wa uwezo wa kupona kipewe rangi yake hata kama hakijapigwa. Pesa za kulinda ziende bondeni, za kutibu ziende mteremkoni. Ni mifuko miwili tofauti.

Kabla ya kumaliza, badilisha uzito makusudi: weka wa wanawake, kisha wa askari, kisha sawa kwa wote. Vipande vinavyobaki juu kila mara ndivyo vya kuandika kwa wino mzito. Vinavyoruka juu na chini sema wazi kwamba vinategemea nani kaulizwa.

Ramani na kurudi

Tengeneza ramani mbili. Moja, ya hifadhi na wilaya ya Makete, iwe na kila nukta. Ya kusambazwa iwe na visanduku vya kilomita moja, pasiwe na nukta hata moja ya okidi, kwani ramani ya utafiti yenye nukta ni ramani ya mchimbaji pia. Kijiji kipate nakala ya Kiswahili, iliyosomwa kwa sauti kwenye mkutano wa serikali ya kijiji, na wapewe nafasi ya kubisha. Watabisha majina ya mabonde, na mara nyingi watakuwa sahihi.

Viwanja vya kudumu uviweke ili mwingine avipate baada ya miaka mitano. Vigingi vya mbao vitapikia ugali. Vyuma vinavyoonekana vitauzwa kama chuma chakavu. Katiza nondo ya sentimita 30, ipigilie kwenye kona mbili za fremu mpaka kichwa kizame sentimita tatu chini ya nyasi, andika GPS, kisha piga picha ukiwa umesimama juu yake ukielekea Mtorwi, maana GPS ya simu hukosea mita kadhaa na kilele hakihami. Atakayekuja baadaye atapapasa kwa sumaku iliyofungwa kwenye fimbo. Sumaku ya spika mbovu inatosha.